Kupatwa kamili kwa jua 12 Agosto 2026 Hispania: tunaenda na motohomu, tujadili wapi pa kusimama

Msaka_Kivuli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naanzisha huu uzi mapema ili kila anayepanga kwenda kuona jua likipatwa kabisa tarehe 12 Agosto 2026 apate pa kuanzia, na mimi mwenyewe nipate mawazo yenu kabla sijalipia kila kitu. Sisi tunakodi motohomu, watu wazima watatu na watoto wawili, tunateremka kupitia Ufaransa mpaka kaskazini mwa Hispania. Kwanini motohomu na sio hoteli? Sababu ni moja tu, mawingu. Hoteli ukishalipia umefungwa mguu, wingu likikukuta hapo ndio basi tena, ila ukiwa na gari unalolala humo humo unaweza kuamka asubuhi ile ile ukahamia kilomita mia upande wenye anga safi na kitanda unacho, jiko unalo, choo unacho.

Kwa ambao hawajafuatilia, kivuli cha mwezi kinaanzia kaskazini kabisa mwa Urusi, kinapita karibu na Ncha ya Kaskazini, kinashuka mashariki mwa Greenland, kinagusa magharibi mwa Iceland, kinavuka Atlantiki halafu kinaingia Hispania jioni kupitia Galicia na Asturias na kutokea Mediterania upande wa Castellón na Valencia mpaka visiwa vya Balearic. Mara ya mwisho Hispania bara kupata mkanda (eneo ambalo jua linafunikwa kabisa) mpana namna hii ilikuwa 30 Agosto 1905. Nitatumia saa za Hispania za masaa 24 tusije tukachanganyana: mwezi unaanza kulila jua saa 19:30 na ushee, kupatwa kamili kunaanza kama 20:27 pale A Coruña na kufika Palma ya Mallorca 20:31. Yaani dakika nne tu kivuli kimevuka nchi nzima!

Sasa hoja yangu ambayo nataka muipige msasa. Naona watu wote wanapigania sekunde za kupatwa kamili, huyu anasema Oviedo ni dakika 1 na sekunde 48, huyu Burgos ni dakika 1 na 44, huyu anataka mstari wa katikati kabisa. Mimi naona safari hii sekunde sio jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni UPEO WA MAGHARIBI. Jua litakuwa chini sana, kama digrii 12 pale A Coruña, León kama 10, Burgos 8 au 9 hivi, Zaragoza 6 na kitu, Valencia 4 na kitu, Palma digrii mbili na nusu tu kutoka baharini. Nyoosha mkono mbele yako ukunje ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10, kwahiyo pale Burgos jua zima lenye korona yake (mng'ao mweupe unaolizunguka) litakuwa chini ya ngumi moja kutoka ardhini. Mti mmoja, ghala moja, kilima kimoja, safari yote imekwisha.

Nimepiga hesabu hivi: kilima chenye urefu wa mita 150 juu ya pale uliposimama, kikiwa kilomita moja mbele yako, kinaziba digrii 8 na nusu. Kwa Burgos hapo hujaona kitu. Kwahiyo kempingi nzuri iliyopo kwenye bonde la mto, kivuli cha miti safi, watoto wanaogelea, hiyo ni sehemu ya kulala jana yake na sio ya kuangalia.

Karibuni.

Bi_Zuhura

Asante kwa uzi mkuu. Mi naomba kuuliza kitu ambacho labda wengine wanaona aibu kuuliza. Sisi tuna ndugu Madrid, na nimeona Madrid mjini jua litafunikwa zaidi ya asilimia 99. Sasa kweli nitoe familia nzima, nikodi gari kubwa, nilale njiani kwa ajili ya hiyo asilimia iliyobaki? Mume wangu anasema tukae kwa ndugu tuangalie barazani.

mzee_wa_lensi

Binti yangu Bi_Zuhura, mwambie mumeo kwa heshima kabisa kwamba asilimia 99 na asilimia 100 ni matukio mawili tofauti, sio tukio moja lililozidiana kidogo. Korona, ule mng'ao mweupe unaozunguka jua, una mwanga kama sehemu moja ya milioni ya mwanga wa jua lenyewe. Sasa ukibakiwa na jua asilimia moja tu, hiyo asilimia moja bado inawaka mara elfu kumi kuliko korona. Utaona mwanga umefifia, utaona baridi kidogo, na miwani huvui hata sekunde moja. Korona huioni, nyota huzioni, ndimi nyekundu pembeni mwa mwezi huzioni, kivuli kinachokuja mbio juu ya ardhi hukioni.

Kuna watu watakumbuka ule wa Septemba 2016 pale Rujewa, Mbarali. Ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa wa pete, mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia kwahiyo haukutosha kulifunika jua lote, ukabaki mduara wa moto. Hata pale mtu hakuvua miwani. Huu wa Agosto ni mwingine kabisa, mwezi unafunika wote na unatazama kwa macho yako matupu kwa hiyo dakika moja na nusu.

Kutoka Madrid ukipanda barabara ya A-1 kuelekea Burgos, ukifika maeneo ya Aranda de Duero umeshaingia ndani ya mkanda vizuri tu. Kaeni kwa ndugu hata wiki nzima, ila siku hiyo tokeni asubuhi. Usiache, nakuomba.

Bi_Zuhura

Shikamoo mzee, nimekuelewa vizuri sana. Nimemsomea, kanyamaza kwanza kisha akaniuliza A-1 inaanzia wapi. Nadhani tunakuja.

Kipanga_Bara

Msaka_Kivuli nakubaliana na wewe kuhusu upeo ila naomba nitetee pwani. Pwani ya Asturias na Galicia jua liko juu zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Hispania, na ukisimama kwenye rasi inayotazama magharibi mbele yako ni bahari, hakuna kilima hakuna mti. Sekunde ni nyingi pia. Kwa upeo pekee pwani inashinda.

Msaka_Kivuli

Kwa upeo ndio mkuu, sikatai. Ila pwani ya kaskazini ndio sehemu yenye kijani Hispania nzima, na kijani hakiji bure, kinaletwa na mawingu ya baharini yanayogota kwenye milima ya Cantabria na kukaa pale. Unaweza kuwa Gijón umefunikwa na wingu zito, ukapita handaki la milimani ukatokea upande wa León anga ni bluu kabisa. Na hapo ndipo motohomu inaponinyima usingizi kidogo, kwasababu kuna njia chache za kuvuka ile milima na gari lenyewe sio la kukimbia. Wote walioko pwani wakiona wingu saa tisa mchana watakimbilia njia zile zile. Ukiwa tayari nyuma ya milima, kwenye uwanda, una barabara za kila upande.

Dereva_Mstaafu

Naongezea hapo kama mtu niliyeendesha magari makubwa miaka mingi. Tazameni ramani ya ule uwanda kati ya León, Palencia na Burgos. Kuna A-231 inayounganisha León na Burgos moja kwa moja, mashariki magharibi, kama kilomita 180. Kuna A-62 ya kutoka Burgos kushuka Palencia na Valladolid. Kuna A-1 ya kwenda kusini. Kuna N-234 ya kwenda Soria, hiyo ni njia moja moja sio ya kukimbilia. Ukiweka kambi yako maeneo ya Carrión de los Condes au Frómista uko katikati ya hizo zote, mstari wa katikati wa kivuli unapita maeneo hayo hayo kati ya León na Burgos, kwahiyo hata hizo sekunde mnazozipigania utazipata.

Na ni tambarare. Wanaita Tierra de Campos, ni mashamba ya ngano mpaka macho yanachoka. Mwezi wa nane ngano imeshavunwa, hakuna kinachosimama mbele yako.

Ila sikieni hili kwa makini sana. Ngano ikishavunwa kinachobaki ni mabua makavu. Usiingize motohomu juu ya mabua, bomba la moshi la gari lililotoka kutembea ni la moto na mabua yanashika kwa sekunde. Agosto 2025 moto uliteketeza maeneo makubwa sana ya Ourense, Zamora na León, watu walikufa, vijiji vilihamishwa. Wenyeji bado wana kidonda. Usiwashe mkaa, usiwashe jiko la nje, usitupe kichungi cha sigara. Pika ndani au kula baridi siku hiyo. Egesha kwenye lami au changarawe au uwanja uliosafishwa. Ukiona moshi piga 112 na usogeze gari usiwazibie wazimamoto njia.

Kipanga_Bara

Dereva umenishawishi kwa hizo barabara. Na hilo la moto nilikuwa sijalisikia likisemwa popote, lipigiwe mstari.

Nyota_ya_Alfajiri

Jamani na Iceland je? Naona kule jua liko digrii 24 hivi, hakuna shida ya upeo, na sekunde ni zaidi, magharibi kabisa zinazidi dakika mbili. Motohomu zinapanda meli kutoka Hirtshals kule Denmark mpaka Seyðisfjörður. Na mandhari yake hayana mfano.

mzee_wa_lensi

Dada Nyota, kwa mandhari hakuna anayebisha. Ila mawingu ya kule mwezi wa nane ni mengi, na mkanda unagusa ncha za magharibi tu, meli inakushusha mashariki, kwahiyo unavuka kisiwa kizima kwanza. Halafu barabara ni chache, wingu likiziba rasi ya Snæfellsnes huna pa kuhamia kwa haraka. Na sheria ya kule hairuhusu kulala kwenye motohomu nje ya kempingi rasmi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kama unaenda Iceland kwa ajili ya Iceland na jua ni zawadi ya ziada, nenda. Kama shida yako ni kuiona korona, uwanda wa Hispania ndio dau lenye nafuu.

Tai_Mweusi

Mi naenda Mallorca nishalipia feri, bahari mbele, jua linazama baharini likiwa limepatwa, picha ya maisha.

Msaka_Kivuli

Tai hongera, ikikubali itakuwa picha ya ajabu kweli. Ila nikwambie ukweli kama ndugu, digrii mbili na nusu mwanga unapita kwenye hewa nene sana, ukungu wa joto, vumbi, mvuke wa baharini, vyote vinakusanyika pale chini, na hata kawingu kembamba kalikoko kilomita nyingi huko baharini, ambako ukiangalia juu hukaoni, kwa pembe ile kanaziba. Na kisiwani ukishaona mambo hayaendi unahamia wapi? Kama tiketi ya feri inabadilishika fikiria kukaa bara, hata upande wa Teruel, kule ni nyanda za juu na hewa kavu. Kama haibadilishiki basi tafuta sehemu ya magharibi ya kisiwa iliyo juu kidogo na nenda mapema, barabara za milimani kule ni nyembamba kwa gari refu.

MamaTatu

Naomba kuuliza mambo ya kulala. Hivi kwa Hispania naweza kuegesha tu pembeni ya kijiji nikalala, au nitagongewa mlango saa nane usiku? Kempingi nilizoandikia ndani ya mkanda zote zimejaa, moja wamenijibu wana orodha ya wanaosubiri.

Dereva_Mstaafu

MamaTatu, tofautisha kuegesha na kupiga kambi. Kwa mwongozo wa mamlaka ya trafiki ya kule, DGT, motohomu iliyoegeshwa kihalali ni gari lililoegeshwa kama mengine, na kilichomo ndani, hata kama mmelala, sio hoja, ilimradi inagusa ardhi kwa matairi tu, haijatoa kitu nje ya umbo lake na haimwagi maji. Ukishusha miguu ya kusimamishia gari, ukafungua pazia la kivuli, ukatoa meza na viti, hapo umepiga kambi, na kupiga kambi ovyo kunakatazwa na sheria za mikoa na manispaa. Manispaa pia zinaweza kuweka mabango yao ya kuzuia, kwahiyo bango ndio la kwanza kulitii.

Ushauri wangu wa kweli: andikia ofisi za manispaa za vijiji vidogo ndani ya mkanda, waulize kama wanatenga uwanja kwa ajili ya siku hiyo. Au mtafute mwenye shamba umuombe kiwanja chake cha kupigia nafaka, umlipe vizuri. Wakulima wa kule ni waungwana ukiwaendea kwa adabu, hata kwa Kihispania cha kuombea maji. Usiingie shamba la mtu kwasababu tu halina uzio.

MamaTatu

Asante sana kaka. Na maji? Tupo watano.

Dereva_Mstaafu

Jaza tangi la maji safi na umwage lile chafu na kaseti ya choo tarehe 11, kwenye sehemu rasmi ya huduma, tarehe 12 msiguse foleni ya mtu. Dizeli vilevile. Ila angalia uzito, motohomu nyingi za kukodi mwisho wake ni kilo 3,500 pamoja na kila kitu, na leseni ya daraja B inaishia hapo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Weka watu watano, baiskeli, darubini, makreti ya vinywaji, umeshazidisha bila kujua, na bima ikigundua hapo ndio kuna kazi. Safiri na maji kidogo, jaza ukishakaribia.

Kijana_wa_Kamera

Wazee mimi nataka kupiga picha. Nina kamera yenye lensi ya milimita 400, nimenunua filta ya jua. Nipeni mbinu, na je naweza kuweka tripodi juu ya paa la motohomu nipate kimo?

mzee_wa_lensi

Kijana, paa hapana. Kwanza mapaa mengi hayakutengenezwa kubeba mtu, pili kila mtoto atakayepanda ngazi ndani picha yako inatikisika. Weka chini, hatua kadhaa mbali na gari.

Filta inakaa MBELE ya lensi, sio nyuma kwenye jicho, ile ya nyuma inapasuka kwa joto na jicho linakwenda nayo. Itoe pale tu kito cha mwisho cha mwanga kinapozimika, irudishe pale kinapotokea upande wa pili. Na kwa sababu ya jua kuwa chini, usinakili tu mipangilio ya picha kutoka safari za watu wa Texas 2024 ambao jua lilikuwa juu kichwani, hapa mwanga utakuwa umepungua na una rangi ya machungwa, kwahiyo piga mfululizo wa kasi tofauti tofauti, za haraka kwa zile ndimi nyekundu, za polepole kwa korona ya nje.

Ila nakusihi kitu kimoja. Una dakika moja na nusu. Panga kamera ijipige yenyewe kwa programu, fanya mazoezi kwa jua la kawaida siku za kabla, saa ile ile, sehemu ile ile, ili ujue jua linapita wapi. Halafu ikifika nyanyua kichwa uangalie kwa macho. Korona kwenye skrini sio korona.

Bi_Zuhura

Mzee kuhusu miwani, jua likiwa chini vile si linakuwa limepoa, watoto wakichungulia kidogo?

mzee_wa_lensi

Hapana binti, usiwaruhusu. Jua la digrii 9 angani safi bado linaunguza retina, na retina haina maumivu, mtoto hatalia, utajua kesho yake. Miwani iwe yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, nunua mapema kwa muuzaji unayemwamini, ikaguliwe kama ina mkwaruzo au tundu. Miwani ya jua ya kawaida hata ukivaa mitatu haifai. Na kioo cha mbele cha motohomu sio kinga, msikae ndani mkatazama. Wafundishe watoto maneno mawili tu, "vaa" na "vua", na mtu mzima mmoja ndiye anayetoa amri.

Msaka_Kivuli

Nimependa hiyo ya mtu mmoja kutoa amri, tunaichukua.

Naomba niongeze kitu cha kuegesha ambacho kitawafaa wenye motohomu za Ulaya bara. Mlango na pazia la kivuli vipo upande wa kulia wa gari. Ukielekeza pua ya gari kusini, upande wa kulia unatazama magharibi. Jua litakuwa magharibi kasoro, limeinama kidogo kaskazini, kama digrii 280 na kidogo kwenye dira. Kwahiyo mkikaa mlangoni mnalo mbele, na gari linawakinga upepo wa mashariki. Na kivuli chenyewe kinakuja kutoka kaskazini magharibi, upande ule ule mnaotazama, kwenye uwanda mpana mtaona anga la chini linageuka rangi ya wino na kuwajia. Sayari ya Zuhura itang'aa kushoto, juu kidogo ya jua, hiyo hamtaikosa. Sayari ya Mshtarii iko kulia chini karibu na upeo, inahitaji anga safi sana.

Kwa wanaoweza kutembea kidogo, kuna Castrojeriz, magharibi ya mji kuna mlima tambarare unaitwa Alto de Mostelares, njia ya mahujaji wa Santiago inapanda pale. Ukiwa juu uwanda wote wa magharibi uko chini yako. Motohomu haipandi, inabaki mjini, ila beba taa ya kichwa maana mtashuka jioni, na mjue hamtakuwa peke yenu.

Nyota_ya_Alfajiri

Haya nimehama Iceland, nimekuja uwandani. Swali la mwisho, kwanini tusisubiri tu 2 Agosto 2027? Pale Tarifa ni dakika 4 na nusu na zaidi, asubuhi, jua liko juu, hakuna hesabu za vilima. Na Luxor kule Misri zaidi ya dakika 6.

Kipanga_Bara

Nenda zote mbili kama mfuko unaruhusu. 2027 kwa motohomu ncha ya kusini ya Hispania ni ndogo sana, mkanda unakata kona tu, Cádiz, Tarifa, Málaga iko pembeni mwa mkanda inapata chini ya dakika mbili. Magari yote ya Ulaya yatabanana pale. Huu wa 2026 mkanda unakata nchi kona hadi kona, nafasi ya kujitawanya ipo. Na mimi sioni haki ya kuliacha jua lipatwe umbali wa siku mbili za barabara kutoka mlangoni kwangu eti nasubiri kubwa zaidi.

Dereva_Mstaafu

Tumesahau jambo kubwa: KUONDOKA. Marekani jua lilipopatwa 2017 na tena Aprili 2024, watu walifika kidogo kidogo kwa siku kadhaa, halafu wote wakaondoka dakika ile ile. 2024 kule New Hampshire foleni za kushuka kusini zilikula masaa na masaa usiku kucha. Hapa itakuwa mbaya zaidi kwasababu jua linapatwa 20:28, likiachia linakaribia kuzama, giza linaingia, na watu wasioijua barabara wote wanawasha gari kwa pamoja.

Sasa wewe una kitanda. USIONDOKE. Hapa ndipo pesa ya motohomu inaporudi yote. Kula, lala, ondoka kesho mchana. Tarehe 12 ni Jumatano, na Jumamosi tarehe 15 ni sikukuu Hispania na Ufaransa pia, kwahiyo kama unarudi kaskazini, mpaka wa Irún uvuke Alhamisi au uache mpaka baada ya wikiendi.

mzee_wa_lensi

Na kuna sababu nyingine ya kutoondoka. Usiku wa 12 kuamkia 13 Agosto ndio kilele cha vimondo vya Perseidi, na kwa kuwa jua limepatwa maana yake mwezi ni mwandamo, hakuna mbalamwezi kabisa. Uwanda ule usiku una giza la kweli. Zimeni taa za gari, zile za ndani pia, tandikeni mablanketi kwenye changarawe. Sijui kama nitapata tena siku yenye vyote viwili, nimeshawaambia wajukuu hakuna kulala mapema.

MamaTatu

Jamani, mi nilikuja kuuliza paking tu, sasa nashindwa kusubiri.

Msaka_Kivuli

Basi wakuu naweka mpango wetu ulivyosimama baada ya michango yenu, mwenye kuona tundu aseme. Tunaingia Hispania kupitia Irún tarehe 8, tunalala njiani bila haraka, tarehe 10 tuko maeneo ya Carrión na Frómista. Tarehe 10 na 11, saa 20:28 kamili, tunasimama kila sehemu tuliyoichagua tunatazama jua liko wapi na nini kinaziba, tunachagua tatu: moja pale pale, moja upande wa León, moja upande wa kusini kuelekea Aranda. Ramani tunazipakua zote kwenye simu zifanye kazi bila intaneti, maana mtandao vijijini siku hiyo utazidiwa. Tarehe 12 asubuhi tunaangalia picha za setilaiti na utabiri wa shirika la hali ya hewa la kule, AEMET, masaa manne kabla ya tukio tunaamua, na tukishaamua hatuhami tena hata kukitokea kawingu. Mara nyingi yale mawingu ya joto yanayovimba mchana huwa yanalegea jua likishuka, kwahiyo wingu la saa kumi jioni lisiwatoe mbio.

Jambo ambalo bado sijalimaliza ni idhini ya kiwanja. Nimewaandikia manispaa mbili, moja wamejibu kwamba wanaandaa uwanja wa mpira kwa ajili ya magari na watatoa namba kwa anayejiandikisha, nyingine kimya.

Bi_Zuhura

Mkuu huo uwanja wa mpira upeo wake wa magharibi umeuangalia? Usije ukawa na majukwaa au taa kubwa upande huo.

Msaka_Kivuli

Swali zuri sana dada. Nimeuona kwenye picha za barabarani, magharibi kuna safu ya miti ya mipopla kando ya mfereji, kama mita 20 kwenda juu, umbali wa mita 200 hivi. Hiyo ni karibu digrii 6. Jua litakuwa 9, linapita lakini kwa pembeni sana, na mwisho wa tukio jua likiendelea kushuka miti italimeza mapema. Kwahiyo uwanjani tutalala, na kuangalia tutatembea mpaka upande wa pili wa mfereji ambako ni mashamba wazi. Nimeandika tena kuuliza kama kivuko cha mfereji kinapitika kwa kiti cha magurudumu, maana mama yuko nasi.

Dereva_Mstaafu

Kisipopitika niambie. Sisi tutakuwa na rampu ya alumini kwenye gari letu kuanzia tarehe 10, na tuko maeneo hayo hayo.